Joto na kilo: kuandaa breki na kupunguza uzito kwenye hachibaki ya kasi

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo wa gari kuwa joto, kisha kulitupa joto hilo hewani kabla halijaharibu kitu kingine. Ukishalielewa hilo, utajua cha kununua, cha kuacha, na kipi kitangulie. Wengi huanza na kalipa kubwa zenye rangi (kalipa ndiyo yenye pistoni zinazobana pedi, yaani vipande vya msuguano, kwenye diski) kwa sababu zinapendeza zikionekana nyuma ya rimu. Mimi nasema zije mwisho kabisa, na magari mengi hayatafika huko. Kila kilo unayoishusha kwenye gari ni joto ambalo breki hazitalibeba. Kwa hiyo breki na uzito ni kazi moja, na zipangwe pamoja.

Tupige hesabu. Hachibaki yenye kilo 1,300 pamoja na dereva, ikipunguzwa mwendo kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60, huachia nishati ya takriban megajuli 1.1. Breki za mbele ndizo hubeba sehemu kubwa. Tuseme asilimia 70. Kama kila diski ya mbele ni kilo 8 za chuma cha kutupwa, kukanyaga kumoja tu kwa namna hiyo kunapandisha jotoridi la diski kwa nyuzi zipatazo 100. Kwenye uwanja wa mbio unakanyaga hivyo kona baada ya kona, na nafasi ya kupoa ni ndogo. Ndiyo maana gari linalosimama vizuri sana barabarani linaweza kuishiwa breki baada ya mizunguko michache. Shusha kilo 100, na joto la kila kukanyaga linapungua kwa karibu asilimia 8, kwenye kila kona, siku zote.

Jambo jingine la kuliweka wazi mapema: kinachosimamisha gari ni matairi. Kama breki ulizo nazo zina nguvu ya kuamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama) ukiwa kwenye mwendo mkali, basi tayari zinatumia mshiko wote wa matairi. Kalipa kubwa hazitafupisha umbali wa kusimama katika kukanyaga kwa mara ya kwanza. Zinachokupa ni uwezo wa kurudia kukanyaga huko mara ya ishirini bila kupoteza kitu. Anayetaka gari lisimame mapema zaidi aanze na matairi mazuri.

Hata viwanda vimeifuata njia ya kilo. Mwaka 2008 Renault ilitoa Mégane R26.R, ikapunguza kilo 123 kwa kung'oa siti za nyuma, kuweka boneti ya faiba ya kaboni na vioo vya nyuma vya plastiki ya polikaboneti. Nguvu ya injini haikuguswa, na bado gari hilo liliweka rekodi ya magari yanayoendeshwa kwa magurudumu ya mbele pale Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani. Volkswagen nao mwaka 2016 waliondoa siti za nyuma kwenye Golf GTI Clubsport S. Hakuna siri kubwa katika magari hayo. Mengi yaliyofanywa humo, mtu mwenye spana na subira anaweza kuyafanya kwa kiwango chake.

Hatua ya kwanza: kagua breki ulizo nazo

Usiboreshe kitu kibovu. Weka gari mahali pa usawa, zuia magurudumu, liinue kwa jeki kisha liweke juu ya stendi. Usiingize mwili chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Vua gurudumu na uzungushe diski kwa mkono. Tafuta nyufa, makovu marefu, na ukingo uliobaki juu pale pedi zisipofika. Unene wa chini unaoruhusiwa mara nyingi umechorwa kwenye diski yenyewe. Pima kwa maikromita sehemu kadhaa za mzunguko, na diski iliyofika kikomo itoke. Kisha sukuma kalipa kwa mkono. Kalipa ya kuteleza, yaani ile yenye pistoni upande mmoja tu, inatakiwa kutembea laini kwenye pini zake. Pini zikiwa zimekauka au zina kutu, pedi moja italiwa haraka kuliko mwenzake na diski itachemka bure. Zivue, zisafishe, zipake grisi ya silikoni inayostahimili joto. Kazi hii ndogo imerudisha uhai wa breki nyingi zilizokuwa zikisemwa kuwa ni dhaifu. Angalia pia raba zinazofunika pistoni na mipira ya breki yenyewe, yaani hosi zinazopitisha mafuta. Mpira wenye mipasuko au uliovimba haujadiliwi, unabadilishwa.

Halafu jua tatizo lako hasa ni lipi, maana breki huchoka kwa namna mbili na tiba zake ni tofauti. Ukikanyaga pedeli ikawa ngumu kama kawaida lakini gari halipungui mwendo, pedi zimepita jotoridi zinaloweza kustahimili. Ukikanyaga pedeli ikazama, ikawa laini, na ukilazimika kuipampu ndipo ishike, mafuta ya breki yamechemka na kutengeneza mvuke. Mvuke unabanwa, mafuta hayabanwi, na hapo mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Hali hii ya pili ndiyo hatari zaidi kwa sababu hutokea ghafla. Ukiisikia, punguza mwendo, maliza mzunguko polepole na urudi.

Hatua ya pili: shusha uzito usiogharimu kitu

Kabla ya kununua chochote, toa vyote vinavyotoka bila kukata. Tafuta mizani ya kuning'iniza mizigo na daftari. Pima kila kitu kinachotoka na ukiandike. Bila daftari utajikuta unahangaika na bolti nyepesi huku kilo 15 za takataka zikiwa zimelala kwenye buti.

Gurudumu la akiba na vifaa vyake ni kilo 15 hadi 20 kwenye magari mengi. Siku ya uwanjani liache; barabarani lirudishe, maana pancha haina taarifa. Siti za nyuma pamoja na migongo yake hufika kilo 20 hadi 30, na kwa kawaida hushikiliwa na bolti chache na ndoano. Ongeza zulia la buti, rafu ya nyuma na mikeka. Petroli iliyo kwenye tangi nayo ni uzito: lita moja ya petroli ni karibu kilo 0.75, kwa hiyo lita 25 ni kilo 19 hivi. Usipunguze mno, kwa sababu tangi likishuka chini ya robo, kwenye kona ndefu petroli hukimbilia upande mmoja na injini ikakosa mafuta katikati ya kona. Chini ya theluthi mimi sipendi kushuka.

Hapa ndipo watu hushangaa: katika mchana mmoja, bila kulipa chochote, unaweza kuwa umeshusha kilo 60 au zaidi. Lakini angalia zimetoka wapi. Karibu zote ni za nyuma. Chukua gari la kilo 1,300 lenye asilimia 62 ya uzito mbele: mbele ni kilo 806, nyuma 494. Toa kilo 60, kati yake 55 zikiwa zimekaa kwenye ekseli ya nyuma, na sasa mbele pana kilo 801 kati ya 1,240, karibu asilimia 65. Gari limekuwa jepesi lakini pua yake imekuwa nzito zaidi kwa uwiano. Mkia utakuwa mwepesi kuzunguka unapokanyaga breki huku unaingia kona, na magurudumu ya nyuma yatafikia kikomo cha mshiko mapema zaidi. Magari ya kisasa yana mfumo wa kugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma unaolishughulikia hili. Ya zamani yenye vali ya kawaida hayana huruma hiyo. Mara ya kwanza baada ya kung'oa siti, nenda taratibu mpaka uzoee.

Hatua ya tatu: mafuta ya breki

Kama una fedha ya kitu kimoja tu, kiwe hiki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na maji yanayoingia hushusha kiwango chake cha kuchemka. Mafuta haya hupangwa kwa madaraja ya DOT. Kwa viwango vya chini vinavyotakiwa, DOT 4 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi, na ikishanyonya unyevu hushuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. DOT 3 ni 205 na 140. Yapo mafuta ya mbio ya jamii ya DOT 4 yanayopita nyuzi 300 yakiwa mapya, lakini hayo hudai kubadilishwa mara nyingi zaidi. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haipatani na hizo nyingine, hata kama namba zinafanana. Chupa iliyofunguliwa zamani usiitumie.

Kubadilisha kunahitaji watu wawili, au pampu ya kusukuma mafuta kwa shinikizo. Nyonya mafuta ya zamani kwenye kitangi, jaza mapya, kisha anza na gurudumu ambalo kitabu cha gari kinalitaja. Kwenye magari mengi ni lile lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu inayosukumwa na pedeli), ila yako magari yenye mpangilio wake. Chomeka mpira mwangavu kwenye nipo ya kutolea hewa na uzamishe ncha ya pili ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Mwenzako akanyage na kushikilia, wewe legeza nipo, mafuta yatoke, kaza nipo, ndipo yeye aachie. Asiachie kabla hujakaza, la sivyo hewa itarudi ndani. Endelea mpaka yatoke mafuta masafi bila povu wala viputo. Kila baada ya mikanyago michache chungulia kitangi; kikikauka, umeingiza hewa na unaanza upya.

Kwenye gari la umri mkubwa usikubali pedeli izame mpaka sakafuni. Raba za ndani ya masta silinda zitapita sehemu ambayo hazijawahi kufika, yenye kutu na uchafu, na zinaweza kuchanika. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli. Na mafuta yakidondoka kwenye rangi, mwagia maji papo hapo, kwa sababu yanakula rangi.

Hatua ya nne: pedi, hosi na diski

Pedi ndizo zinazobadilisha tabia ya breki kuliko kitu kingine chochote, na hapo ndipo inabidi ujisemee ukweli kuhusu matumizi yako. Pedi za barabarani hushika zikiwa baridi asubuhi, ila hufifia zikipata joto la uwanjani. Pedi za mbio hustahimili joto kali sana, lakini zikiwa baridi hazishiki vizuri, hupiga kelele, na hula diski. Gari unalolitumia kila siku halifai kuvaa pedi za mbio kamili. Mtu akivuka barabara mbele yako dakika mbili baada ya kuondoka nyumbani, unahitaji breki wakati huo huo. Kuna daraja la kati linalotosha kwa mwenye gari moja la kazi zote, na kuna njia ya pili ninayoipenda zaidi: kuwa na seti mbili na kubadilisha kabla ya siku ya uwanjani. Kwenye kalipa nyingi ni kazi ya chini ya saa moja kwa ekseli. Ukichagua njia hii, uliza kama aina hizo mbili za pedi zinapatana kwenye diski moja, kwa kuwa kila pedi huacha tabaka lake juu ya chuma.

Usiweke pedi kali mbele na kuacha dhaifu kabisa nyuma. Mgawanyo wa breki utasogea mbele, matairi ya mbele yatafanya kazi yote na ya nyuma yatabebwa tu.

Unaporudisha pistoni ndani, fungua kifuniko cha kitangi na uangalie mafuta yasifurike. Pistoni za nyuma kwenye magari mengi yenye handbreki ya kebo huzungushwa huku zinasukumwa; ukizisukuma kwa nguvu tu utavunja utaratibu wa ndani. Handbreki ya umeme lazima kwanza iwekwe katika hali ya matengenezo, kwa utaratibu wa kitabu au kwa kifaa cha kompyuta. Kalipa isining'inizwe kwa mpira wake. Ifunge kwa waya kwenye springi. Grisi isiguse uso wa pedi wala diski.

Hosi zilizosukwa kwa waya wa chuma cha pua haziongezi nguvu ya kusimama. Zinaondoa ule uvimbe mdogo wa mpira, na mguu unapata habari sahihi zaidi. Kama mipira yako ni ya zamani na inabidi ibadilishwe, weka hizi. Kama ni mizima, zinaweza kusubiri. Ukizifunga, geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili, gari likiwa limeinuliwa na tena likiwa chini, uhakikishe hazivutiki wala hazisugui rimu.

Kuhusu diski, nunua zenye mifereji ya hewa katikati na zilizotengenezwa vizuri, za kipimo cha kiwandani. Zilizotobolewa matundu zinapendeza, lakini kwa matumizi ya uwanjani nyufa huanzia kwenye matundu hayo. Zenye michirizi ni salama zaidi, ingawa hula pedi haraka kidogo. Diski laini, tambarare, isiyo na urembo, inafanya kazi vizuri sana na ni rahisi kuibadilisha bila kuumia moyo. Kabla ya kuifunga, safisha uso wa habu (kitovu ambacho diski na gurudumu hufungwa) kwa brashi ya waya mpaka ung'ae. Kipande cha kutu kilichobaki kati ya habu na diski kinatosha kuifanya diski iyumbe, na baada ya kilomita kadhaa usukani unaanza kutetemeka kila ukikanyaga. Watu husema diski imepinda. Mara nyingi ni tabaka la pedi lililoshika sehemu moja zaidi ya nyingine, na chanzo kilikuwa kutu hiyo au diski na pedi kutozoeshwa.

Hatua ya tano: zizoeshe

Pedi mpya na diski mpya hazijuani. Fuata maelekezo ya mtengenezaji wa pedi kwanza. Akiwa hakusema, utaratibu unaofaa ni huu. Tafuta mahali pasipo na magari wala watu. Anza na mikanyago michache myepesi kupata joto. Kisha, kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, punguza hadi 20 kwa nguvu ya wastani kuelekea kali, bila kusimama kabisa na bila kuamsha ABS. Ongeza mwendo tena, rudia mara nane hadi kumi. Utasikia harufu, huenda ukaona moshi mwepesi. Hiyo ni kawaida. Baada ya hapo endesha dakika kumi au zaidi bila kugusa breki isipokuwa lazima, upepo uzipoze.

Ukisimama huku zikiwa za moto na mguu ukibaki kwenye pedeli, pedi itaacha alama yake pale ilipobana. Sababu hiyo hiyo inakataza kuvuta handbreki unapotoka uwanjani. Acha gari kwenye gia na uweke kizuizi kwenye gurudumu.

Hatua ya sita: upepo

Hewa baridi haina uzito unaohesabika na hufanya kazi kila sekunde. Kwenye baadhi ya magari, bati la vumbi lililo nyuma ya diski huzuia upepo kufika katikati. Kulipunguza husaidia uwanjani, japo barabarani mawe na maji yatafika kwenye diski. Bora zaidi ni bomba la hewa linalotoka kwenye bampa ya mbele na kumwaga katikati ya diski, pale mifereji inapoanza, si kwenye uso wake wa nje. Diski yenye mifereji hufanya kazi ya pampu: huvuta hewa kutoka katikati na kuitupa ukingoni. Ukipuliza uso mmoja tu, upande huo hupoa na wa pili hubaki wa moto, na tofauti hiyo hupasua chuma. Hakikisha bomba haligusi tairi usukani ukiwa umegeuzwa wote.

Hatua ya saba: kilo za gharama

Baada ya kilo za bure, zinafuata zinazolipiwa, na thamani yake hailingani. Rimu ndizo ninazozipa kipaumbele. Uzito wa rimu, tairi na diski haubebwi na springi, na tena unazunguka, hivyo kuupunguza kunasaidia kuongeza mwendo, kusimama na kushika barabara yenye mabonde kwa pamoja. Rimu nyingi za kutupwa, yaani zilizomiminwa kwenye kalibu, za inchi 18 hufika kilo 11 au zaidi, wakati za kufuliwa, yaani zilizoshindiliwa kwa nguvu kubwa, za ukubwa huo zinaweza kuwa karibu na 8. Kushuka kutoka inchi 19 hadi 17 au 18 mara nyingi huleta faida hiyo kwa bei ndogo, na matairi nayo huwa nafuu. Pima kwanza kama rimu ndogo inapita juu ya kalipa. Angalia pia uwezo wa kubeba uzito, tundu la katikati na kina cha rimu.

Betri ya risasi yenye kilo 15 au zaidi inaweza kupisha ya lithiamu ya kilo 4 au 5. Hakikisha mfumo wa kuchaji wa gari lako unapatana nayo, na ujue kwamba betri hizi hazipendi baridi kali wala joto la injini. Diski za vipande viwili, zenye kofia ya alumini katikati na pete ya chuma nje, hushusha kilo kadhaa mahali penye thamani kubwa.

Siti za mbele ni mahali pa kufikiri mara mbili. Siti ya kiwandani yenye mota na eabegi (mfuko wa hewa wa kulinda) inaweza kuzidi kilo 20, na ya mbio ikawa chini ya 10. Hiyo ni faida tamu. Lakini ukiiondoa unaondoa eabegi ya ubavuni, sensa ya abiria, na wakati mwingine sehemu ya kufungia mkanda. Kabla ya kugusa waya wowote wa siti, tenganisha betri na usubiri muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari, na usipime soketi za eabegi kwa mita ya umeme. Mkanda wa mbio unahitaji siti yenye matundu yake na sehemu sahihi ya kufungia nyuma ya bega. Ukiufunga sakafuni nyuma ya siti, utakandamiza uti wa mgongo katika ajali. Keji ya chuma, yaani mabomba yanayomzunguka dereva kumlinda, nayo ni ya kichwa chenye helmeti. Dereva wa barabarani asiye na helmeti anaweza kuumizwa na bomba lile lile lililowekwa kumlinda. Kwa gari linalobeba familia, msimamo wangu ni kuacha siti za mbele, mikanda na eabegi kama zilivyo.

Lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni hutoka kwa barafu kavu: imwage juu yake, iache igande, kisha gonga na ivunjike. Fungua milango yote, kwa kuwa hewa inayotoka humo ni kaboni dioksidi na hufukuza oksijeni, na vaa glavu nene. Faida ni kilo chache tu, na kelele utakayoipata ni ya kila siku. Kwa gari la uwanjani pekee, sawa. Kwa mengine, achana nayo.

Vyuma vya ndani ya milango, nguzo, bomba la nyuma ya bampa na kioo cha mbele haviguswi. Na kabla ya kubadilisha muundo wowote, soma sheria za ukaguzi wa magari na masharti ya bima yako.

Ukishashusha kilo nyingi, gari litakuwa limeinuka kidogo juu ya springi zake, hasa nyuma. Rudi kwenye alaimenti (mpangilio wa magurudumu), rekebisha shinikizo la matairi, na elekeza taa upya.

Hatua ya nane: jaribu, kisha fungua uangalie

Siku ya kwanza kimbiza mizunguko mitatu au minne, kisha mmoja wa polepole wa kupoza breki, rudi. Fungua magurudumu yakipoa. Rangi za kupimia joto zinazopakwa ukingoni mwa diski, na stika za joto kwenye kalipa, zitakuambia mambo ambayo mguu hauwezi kuyajua. Pima pedi zote. Pedi iliyoliwa kwa mshazari inaonyesha kalipa inayofunguka au pini zilizokwama. Pedi ikiwa imebaki chini ya nusu usianze nayo siku mpya ya uwanjani, maana wembamba wake hupitisha joto kwa pistoni na mafuta. Kaza nati za magurudumu tena kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa kipimo cha kitabu.

Baada ya hapo, na baada ya hapo tu, ongea kuhusu kalipa kubwa. Kama mafuta ni mazuri na mapya, pedi ni za daraja sahihi, upepo unafika, kilo zimeshuka, na bado stika zinabadilika rangi zote na pedi zinaisha ndani ya siku moja, basi diski zako ni ndogo kwa kazi hiyo. Diski ya milimita 330 badala ya 300 ina chuma zaidi cha kubeba joto na inaongeza nguvu ya kuzuia kwa takriban asilimia 10 kwa mguu ule ule.

Kinachosahaulika ni eneo la pistoni. Kwenye kalipa ya kuteleza hesabu pistoni yake moja. Kwenye kalipa iliyofungwa imara yenye pistoni nne, hesabu mbili za upande mmoja. Pistoni moja ya milimita 57 ina eneo la milimita za mraba 2,550 hivi. Mbili za milimita 40 zina kama 2,510. Karibu sawa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kalipa yenye eneo kubwa mno itahitaji mafuta mengi zaidi kutoka kwenye masta silinda ile ile, pedeli itakuwa ndefu, na mbele patafanya kazi kupita kiasi huku nyuma pakilala. Umetumia fedha nyingi na gari linasimama mbali zaidi kuliko zamani. Muuzaji asiyeweza kukutajia kipimo cha pistoni na gari lililokusudiwa, mwache.

Chapisha mchoro wa kalipa kwenye karatasi ngumu, ukate, na uujaribu ndani ya rimu kabla hujalipa. Pima kalipa na diski mpya kwenye mizani ile ile ya mwanzo na uandike kwenye daftari. Seti nyingine huongeza kilo pale pale ulipotoka kuzipunguza. Ukishafunga, toa hewa upya, zoesha upya, kisha mahali peupe kanyaga kwa nguvu kutoka mwendo mdogo, halafu wa kati, ukisikiliza ABS. Ikiingia mapema kuliko zamani kwenye magurudumu ya mbele peke yake, mgawanyo umesogea mbele na pedi za nyuma zinahitaji kupandishwa daraja.